Robota na Roboti: Nani Atabeba Mzigo?

(Haya ni mazungumzo ya kila wiki kama yalivyosomwa redioni.)



Kiswahili kina neno robota, na wingi wake ni marobota. Kila mkazi wa mjini analijua. Ni mzigo uliobanwa na kukazwa kwa kamba au mikanda: robota la pamba, robota la katani, robota la mitumba. Pale Kariakoo robota la mitumba la kilo 45 hushushwa kutoka kwenye lori likatua begani kwa kijana, akaondoka nalo mbio huku akipiga kelele, "Pisha! Mzigo!", na ole wako wewe uliyesimama njiani unazungumza na simu.

Wacheki nao, watu wa Ulaya ya kati, wana neno linaloandikwa vivyo hivyo, robota, ingawa halina undugu na letu. Kwao lilikuwa na maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima aliifanya katika shamba la bwana bila malipo. Yaani kile ambacho wazee wetu wa pwani walikiita shokoa. Mwaka 1920 mwandishi wao mmoja, Karel Čapek, alichapisha mchezo wa kuigiza juu ya watumishi waliotengenezwa kiwandani. Akatafuta jina la kuwapa, na kaka yake Josef akampa neno hilo. Ndipo dunia nzima ikapata neno roboti.

Na jina la Kariakoo lenyewe, kama wengi wenu mnavyojua, limetokana na wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwachukua Waafrika mamia kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, walibebee jeshi risasi na chakula. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria ni makumi ya maelfu. Mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo, na Nairobi nayo ikapata Kariokor yake. Kwa maana ile ya Wacheki, hao ndio waliokuwa roboti wa kwanza wa mji huu.

Leo basi tuzungumze juu ya robota na roboti kukutana. Katika maghala ya Marekani, Ulaya, China na Japani wameshakutana, na habari zinazotufikia ni za namna mbili. Ama tunaambiwa mashine zimekuja kumkomboa mwanadamu na kazi ngumu, ama tunaambiwa zimekuja kumnyang'anya riziki yake. Nimezifuatilia habari hizi kwa muda, na naona zote mbili zinaliruka swali ambalo mbeba mizigo yeyote angeliuliza kwanza: jasho likishaokolewa, faida yake inakwenda kwa nani?

Kisa chenyewe kinaanzia Marekani. Mwaka 2001 kampuni iliyoitwa Webvan, iliyokuwa ikiuza vyakula kwa njia ya intaneti na kuwapelekea watu majumbani, ilifilisika. Mtu mmoja aliyekuwa amefanya kazi humo, Mick Mountz, alikaa akajiuliza kilichowaangusha. Jibu alilolipata ni kwamba gharama ya kuokota vitu ghalani, kimoja hapa kingine kule, na kuvikusanya ndani ya boksi la mteja mmoja, ilikuwa ikiimeza faida.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Ghala kwa macho ya mpita njia ni chumba kikubwa cha kuwekea vitu. Kwa mwenye ghala ni mahali pa kazi nne: kupokea mzigo, kuupanga, kuuokota pale mteja anapouagiza, kisha kuufunga na kuupakia. Katika kazi hizo nne iliyo ghali ni ya tatu. Kupokea lori zima la sabuni ni kazi ya mara moja. Lakini kumtafutia mama mmoja mche mmoja wa sabuni, daftari moja la mtoto na betri mbili za redio, vitu vilivyo katika pembe tatu za jengo lenye ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira, hiyo ni safari. Waokotaji wa maghala makubwa ya Marekani walikuwa wakitembea kilometa 15 na zaidi kwa zamu moja. Sehemu kubwa ya mshahara waliolipwa ilikuwa mshahara wa kutembea.

Wazo la Mountz lilikuwa jepesi kiasi cha kuchekesha: badala ya mtu kwenda kwenye rafu, rafu ije kwa mtu. Mwaka 2003 alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiva Systems, akisaidiana na wahandisi wawili, Peter Wurman na Raffaello D'Andrea. Walitengeneza mashine fupi ya rangi ya machungwa, mithili ya kobe. Inaingia chini ya rafu iliyojaa vitu, inaiinua kidogo kutoka sakafuni, inakwenda nayo hadi kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Sakafuni kumebandikwa vibandiko vyenye alama, na mashine huvisoma ili ijue ilipo, kama dereva anavyosoma vibao vya barabarani. Mfanyakazi anaonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta achukue nini. Anachukua, rafu inaondoka, nyingine inasogea. Foleni haiishi.

Mwaka 2012 kampuni ya Amazon, ile inayouza karibu kila kitu duniani, iliinunua Kiva kwa dola milioni 775, kisha ikaacha kuwauzia wengine mashine hizo. Mwezi Julai 2025 ilitangaza kwamba imeshaweka kazini roboti ya milioni moja. Wafanyakazi wake binadamu, wakiwemo wa ofisini, ni kiasi cha milioni moja na nusu. Kwa hesabu ya haraka, hao ni watu watatu kwa kila roboti mbili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kilometa 15 zimeokolewa. Je, mwokotaji aliambiwa, "Ndugu, kazi imekwisha mapema, nenda kapumzike"? La hasha. Kiasi alichotakiwa kuokota kwa saa, kilichokuwa kama vitu 100 katika ghala la kutembea, kilipanda katika baadhi ya maghala ya roboti hadi 300 na hata 400. Mwaka 2020 waandishi wa Reveal, ambao kazi yao ni habari za uchunguzi, walizipata kumbukumbu za ndani za kampuni hiyo kuhusu majeruhi wa mwaka 2016 hadi 2019. Wakakuta kwamba katika maghala yenye roboti kiwango cha majeraha makubwa kilikuwa kimezidi kile cha maghala yasiyo na roboti kwa zaidi ya nusu. Kampuni ilipinga namna takwimu hizo zilivyotafsiriwa.

Mimi sishangai. Mtazameni kijana wa Kariakoo. Akishatua robota lake ghorofani hurudi chini mikono mitupu, anajifuta jasho, anatania na muuza kahawa, anavuta pumzi. Kule kurudi mikono mitupu hakuna anayekulipia, lakini ndiko kunakoulinda mgongo wake. Kule Marekani roboti ilimwondolea mwokotaji kutembea, kumbe kutembea ndiko kulikokuwa mapumziko yake. Alibaki amesimama saa kumi, akiinama na kunyoosha mikono, bega lile lile, kiuno kile kile. Na kifaa anachosomea alama za bidhaa kilikuwa kikihesabu pia dakika ambazo hakusoma kitu. Msimamizi wa zamani alikuwa na macho mawili na alikwenda kula mchana. Huyu wa sasa hali, wala halali.

Jimbo la California lilitunga sheria juu ya jambo hili, ikaanza kutumika Januari 2022. Inamtaka mwenye ghala kubwa amweleze mfanyakazi kwa maandishi kiwango anachotakiwa kufikia, na inakataza kiwango kinachomfanya mtu ashindwe kwenda chooni au kupata mapumziko yake ya kisheria. Tafakarini hilo. Katika nchi iliyopeleka watu mwezini, ilibidi bunge likae litunge sheria ya kumruhusu mtu kwenda chooni. Mwaka 2024 maofisa wa kazi wa jimbo hilo waliitoza Amazon faini ya dola milioni 5.9 kwa maghala mawili. Kampuni ilikana kuwa na viwango vya namna hiyo.

Huenda mtauliza: kama mashine ni hodari hivyo, kwa nini wasiwaondoe watu wote wakamaliza? Jibu ni mkono.

Mwaka 1997 kompyuta ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa mchezo wa sataranji. Miaka 18 baadaye, mwaka 2015, Amazon iliandaa mjini Seattle mashindano ya roboti za kuokota vitu vya kawaida vya dukani kutoka kwenye rafu. Vyuo vikuu vikubwa vilileta mashine zao. Washindi walitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin: roboti yao iliweza kuokota vitu 10 kati ya 12 kwa dakika 20. Vitu 10! Mtoto unayemtuma dukani jioni angewacheka. Kufikiri mbele hatua 15 katika sataranji kumbe ni rahisi kwa mashine kuliko kuingiza vidole ndani ya boksi lililosongamana, ukalivuta soksi pasipo kuangusha chupa iliyo kando yake. Mkono wa binadamu unajua mambo ambayo mwenye mkono mwenyewe hawezi kuyaeleza.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mwokotaji alikaa palepale alipo, katikati ya mashine, si kwa sababu alipendwa bali kwa sababu vidole vyake vilikosa mbadala. Lakini ukuta huo nao umeanza kupata nyufa. Mwezi Mei 2025 kampuni hiyo hiyo ilionyesha roboti iitwayo Vulcan, yenye uwezo wa kuhisi kwa kugusa. Wanasema inaweza kushika kiasi cha robo tatu ya aina za vitu wanavyohifadhi. Kutoka dakika 20 za Seattle hadi hapo ni miaka 10. Mtoto aliyezaliwa siku ya mashindano yale bado yuko shule ya msingi.

Kisha ikaja habari ya Oktoba 2025. Gazeti la New York Times liliandika kwamba limeona nyaraka za ndani za Amazon zinazoeleza matumaini ya kukwepa kuajiri watu zaidi ya 160,000 nchini Marekani ifikapo 2027, na zaidi ya 600,000 ifikapo 2033. Kampuni ilijibu kwamba nyaraka hizo hazielezi mpango wake wote. Iwe iwavyo, naomba mlitazame vizuri neno lililotumika. Halikuwa neno kufukuza. Lilikuwa kutoajiri.

Wengi wetu tunakumbuka miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipopunguza wafanyakazi. Baba alirudi nyumbani na bahasha, mama akaisoma, nyumba nzima ikanyamaza. Ilikuwa habari chungu lakini ilikuwa na anwani: jina la mtu, tarehe, sahihi ya meneja. Mtu aliweza kwenda chama cha wafanyakazi, aliweza kwenda mahakamani, na wapo waliozungushwa na kesi za mafao hadi wakazeeka. Huyu ambaye ataachwa kuajiriwa mwaka 2033 hatapata bahasha. Leo yuko darasani. Hatajua kamwe kwamba palikuwa na kazi iliyotakiwa kuwa yake, na hakuna mahakama itakayopokea shauri lake.

Nisije nikaonekana napiga vita mashine. Ziko nchi ambako mashine hizi zinasubiriwa kwa hamu. Japani ina wazee wengi na vijana wachache. Tangu Aprili 2024 sheria yao inamzuia dereva wa lori asizidishe saa 960 za ziada kwa mwaka, kwa sababu madereva walikuwa wanakufa kwa uchovu, na sasa waliopo hawatoshelezi mizigo iliyopo. Mahali kama hapo roboti haimsukumi mtu nje, inaingia mahali palipoachwa wazi. Wala mashine si malaika. Katika maghala ya Ocado huko Uingereza, roboti hukimbia mamia kwa mamia juu ya gridi ya vyuma, zikichomoa vyakula kutoka chini yake. Februari 2019 ghala lao la Andover liliungua moto uliowaka kwa siku kadhaa, na Julai 2021, pale Erith, roboti tatu ziligongana zikawasha moto mwingine. Bado tunahitaji zimamoto wenye miguu.

Sasa tuje kwetu. Je, roboti hizi zitakuja Kariakoo?

Miezi michache iliyopita nilimngoja kijana mmoja wa kubeba mizigo atue robota lake, nikamwonyesha kwenye simu picha ya yale makobe ya rangi ya machungwa. Aliyatazama kwa makini, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Akauliza, "Kaka, hii inapanda ngazi?" Nikamwambia haipandi. Akanirudishia simu. "Basi tuko salama," akasema, akaenda kuchukua robota lingine.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Stoo za Kariakoo ziko ghorofani, ngazi zenyewe nyembamba, taa hazipo. Roboti inataka sakafu iliyonyooka kama meza, umeme usiokatika na maboksi yanayofanana. Lakini kuna sababu nyingine kubwa kuliko ngazi, na hiyo hainifurahishi. Mwaka 2024 Amazon ilitangaza kwamba wastani wa malipo ya wafanyakazi wake wa maghala nchini Marekani unazidi dola 22 kwa saa. Ni mbeba mizigo gani wa Kariakoo anayerudi nyumbani na kiasi hicho kwa siku nzima? Mashine huja mahali ambapo mtu ni ghali. Mtu wetu ni rahisi. Kinachomlinda kijana yule si ngazi. Kinachomlinda ni kwamba analipwa kidogo kuliko mashine. Siku tutakapofanikiwa kumwongezea malipo, kama tunavyopaswa, ndiyo siku tajiri wake atakapoanza kuulizia bei ya hiyo mashine. Nchi haiwezi kukaa ikiombea watu wake waendelee kuwa rahisi.

Tena mashine haina lazima ya kuingia ndani ya godauni lako ndipo ikuguse. Tuchukue kontena. Aprili 1956 Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipakia makontena 58 juu ya meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida, magunia na masanduku, kuligharimu wakati huo dola 5.86. Kwa kontena ilikuwa chini ya senti 16. Kontena halina akili, halina hata mota. Ni sanduku la bati. Lakini lilizimaliza kazi za makuli bandari baada ya bandari, kutoka London hadi New York.

Kwetu pia. Makuli wa zamani wa bandarini walikuwa watu wa kuogopwa. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkubwa. Mwaka huo huo makuli wa Dar es Salaam waligoma na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa wengi, mahali pamoja, na mzigo wa nchi nzima ulipita mabegani mwao. Leo kontena linashushwa na winchi, linapandishwa kwenye lori likiwa bado limefungwa, linakuja kufunguliwa kwenye godauni mjini. Marobota ni yale yale na uzito ni ule ule, ila sasa yanashushwa na vibarua walioitwa asubuhi hiyo hiyo, ambao jioni hakuna aliyeandika majina yao. Kazi haikufa. Ilihamishwa kutoka kwa mwenye daftari kwenda kwa asiye na daftari.

Na mambo hayajasimama. Kampuni ya DP World ya Dubai, ambayo tangu mwaka 2024 inaendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, imejaribu kule kwao Jebel Ali ghala la makontena linaloitwa BoxBay. Makontena yanawekwa kwenye rafu za ngazi 11, na mitambo huyatoa yenyewe, kama mtu anayechomoa kitabu kabatini. Sisemi kwamba mtambo huo unakuja hapa kesho. Nasema kwamba wanaoujua si wageni kwetu tena.

Je, makuli wa wenzetu walifanya nini? Wapo waliopigana na kontena wakashindwa. Lakini katika pwani ya magharibi ya Marekani kiongozi wao Harry Bridges, mtu mkaidi kupita kiasi, alifanya jambo ambalo wafuasi wake wengi hawakulitegemea. Aliona mashine haizuiliki, akaamua kuiuza ruhusa. Mkataba ulisainiwa mwaka 1960, makontena yakiwa bado machache. Waajiri walikubaliwa kuleta mashine wazitakazo. Nao wakakubali kutoa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu, wenye daftari wasipunguzwe kazi, na wazee walipwe wakitaka kustaafu mapema. Kwa maneno mengine, jasho lililookolewa lilipigiwa hesabu, na mwenye jasho akapata fungu.

Mkataba ule ulikuwa na kasoro moja kubwa. Uliwalinda wenye daftari kamili. Vibarua na wale waliokuwa bado wanangoja kuandikishwa hawakupata ulinzi huo, wala vijana waliokuja baadaye wakakuta milango imefungwa. Oktoba 2024 makuli wa pwani ya mashariki, watu kama 45,000, waligoma siku tatu. Walipata nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita, na mwezi Januari 2025 wakafikia mapatano juu ya mashine. Hao nao ni wenye daftari.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imelitaja jambo hili bila kificho: mahitaji ya kiteknolojia ni moja ya sababu zinazomruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi. Inamtaka atoe taarifa mapema na ashauriane nao au na chama chao. Hilo ni jema. Kisha tuje kwenye kiinua mgongo. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inakoma kwenye miaka 10. Maana yake, mtu aliyefanya kazi ghalani miaka 10 ana haki ya siku 70. Aliyefanya miaka 25, siku 70. Majirani zetu Wakenya, kwa sheria yao ya 2007, wameweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na hawakuikomesha hesabu. Sijui ni mashine gani tulidhani itakuja ambayo mtu ataizoea kwa siku 70.

Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri hujadili mshahara, nauli na matibabu. Ningependa kuona kipengele cha mashine katika mkataba wowote wa bandari, wa kiwanda cha bia, wa maghala ya maduka makubwa, na kiandikwe sasa wakati mashine bado ni picha kwenye simu. Ikifika imeshanunuliwa hakuna tena cha kuuza. Na kiandikwe vilevile ni kiasi gani mtu atatakiwa kuokota kwa saa, maana kifaa cha kumhesabu ni rahisi kuliko roboti na kitatangulia kufika. Waulizeni vijana wa bodaboda wanaopokea amri kutoka kwenye simu.

Lakini yule kijana wa ngazi hayumo hata katika siku hizo 70. Hana mwajiri, ana wateja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri, kwa hiyo naye hayumo. NSSF inapokea michango ya hiari ya waliojiajiri, ila nilipomtajia alidhani namuuzia kitu. Nilimwuliza kama ana chama. Akaniambia wako 11 katika kona ile, na kila jioni kila mtu anatoa 1,000 anampa mama lishe awawekee, kwa ajili ya atakayeumia. Nikamwuliza wangapi wameshaumia mwaka huu. Akahesabu kwa vidole: watatu, mmoja kiuno, na wawili walianguka kwenye ngazi hizo hizo.

Majina ya hao 11 mama lishe anayo kwenye daftari lake la madeni. Ofisi ya serikali ya mtaa iko hatua chache kutoka hapo. Kuwaandikisha, pamoja na wenzao wa kona nyingine, kusingemchukua mtendaji zaidi ya wiki moja, na wakishaandikwa ndipo kutakuwa na watu wa kushauriana nao siku tajiri mmoja atakapobomoa ngazi akajenga ghala lenye sakafu iliyonyooka.